Miami ya 1972 Haikubebwa na Ratiba

Msimu wa 1972 wa Miami Dolphins ndio msimu pekee katika historia ya NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, ambao timu ilicheza mechi zake zote, za kawaida na za mtoano, bila kufungwa wala kutoka sare, hadi ikatwaa ubingwa. Miami ilishinda mechi 14 za msimu wa kawaida, ikashinda 2 za mtoano, kisha ikashinda fainali ya Super Bowl. Mechi 17, ushindi 17. Hata Arsenal ya 2003/04, inayokumbukwa kwa kutopoteza hata mechi moja kati ya 38 za Ligi Kuu ya England, ilitoka sare mara 12.

Pamoja na hayo, imeenea imani kwamba timu hiyo ilibebwa na ratiba. Wanaoishikilia husema kwamba Miami ilipangiwa vibonde, ikawafunga, na historia ikavika taji kitu ambacho timu yoyote nzuri ingekifanya kwa ratiba kama ile. Imani hiyo imejengwa juu ya takwimu za kweli, lakini hitimisho lake ni potofu, na inawanyima wachezaji wale haki waliyoitolea jasho.

Takwimu zenyewe hazina sababu ya kufichwa. Ukimhesabu kila mpinzani kwa kila mara aliyokutana na Miami katika msimu wa kawaida, wapinzani hao walimaliza wakiwa na ushindi 70, vipigo 122 na sare 4. Ni wawili tu, Kansas City Chiefs na New York Giants, waliomaliza na ushindi mwingi kuliko vipigo, kila mmoja akiwa na 8 kwa 6. Houston Oilers walishinda mechi moja tu msimu mzima. Hapo ndipo wakosoaji huishia.

Walipoishia ndipo uchambuzi unapopaswa kuanza. Katika vipigo hivyo 122, vipigo 22 vilitoka kwa Miami yenyewe. Timu za kundi moja hukutana mara mbili kwa msimu, kwa hiyo Jets, Colts, Bills na Patriots, za kundi la Miami, kila moja ilifungwa na Miami mara mbili, na hesabu hiyo huzijumuisha mara mbili. Hivyo vinakuwa vipigo 16. Wapinzani wengine sita wanaongeza 6. Ukiviondoa, wapinzani wa Miami wanabaki na ushindi 70, vipigo 100 na sare 4. Bado si timu za kutisha, lakini pengo limepungua sana. Timu inayomfunga kila anayekutana nayo lazima ionekane ilicheza na waliofungwa.

Udhaifu wa wapinzani hao, zaidi ya hayo, ulijulikana baada ya msimu kuisha. Kwa matokeo ya 1971, ratiba ya Miami ilikuwa na mechi nne dhidi ya timu zilizotoka kushinda mechi 10 au zaidi: Chiefs, Minnesota Vikings, na Baltimore Colts mara mbili. Colts walikuwa mabingwa wa Super Bowl mwezi Januari 1971. Miami ilifungua msimu ugenini Septemba 17, katika mechi ya kwanza ya ligi kuchezwa kwenye uwanja mpya wa Arrowhead wa Kansas City, ikashinda 20-10. Dhidi ya Vikings ilikuwa nyuma 14-6 katika robo ya mwisho, ikageuza matokeo na kushinda 16-14. Colts hawakupata hata pointi moja katika mechi mbili: 23-0 na 16-0.

Msingi mzima wa imani hii ni dhana kwamba timu dhaifu huwa ni pointi za bure. Msimu huohuo wa 1972 unaivunja dhana hiyo. Washington, waliokuja kucheza fainali na Miami, walipoteza mechi tatu za msimu wa kawaida. Moja walifungwa na Dallas. Mbili zilizobaki walifungwa na New England Patriots, 24-23, na Buffalo Bills, 24-17. Patriots walimaliza msimu na ushindi 3 tu, Bills na ushindi 4. Hao ndio walewale wanaotajwa kama zawadi ya Miami. Miami ilikutana na timu hizo mbili mara nne, ikashinda zote kwa jumla ya pointi 143 kwa 60, ikiwemo 52-0 dhidi ya Patriots. Wangekuwa wepesi kiasi kinachodaiwa, Washington nao wangewapita bila shida.

Namna Miami ilivyoshinda nayo ni ushahidi. Timu inayobebwa huponea chupuchupu wiki baada ya wiki. Miami ilifunga pointi 385 na kuruhusu 171, na katika yote mawili iliongoza ligi nzima. Katika mechi 14, ni tatu tu zilizoisha kwa tofauti iliyo chini ya pointi 10. Wakimbiaji wake walikusanya yadi 2,960, rekodi ya ligi wakati huo. Larry Csonka alipata yadi 1,117 na Mercury Morris yadi 1,000; haikuwahi kutokea kabla ya hapo wakimbiaji wawili wa timu moja kufikia 1,000 katika msimu mmoja.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa bila kiongozi wa mashambulizi. Oktoba 15, katika mechi ya tano dhidi ya San Diego Chargers, kotabeki Bob Griese alivunjika mfupa wa mguu na kuteguka kifundo. Kotabeki ndiye anayeupokea mpira mwanzo wa kila shambulizi na kuamua utakwenda wapi. Timu nyingi huporomoka zikimpoteza. Aliyeingia ni Earl Morrall, mwenye miaka 38, aliyechukuliwa kutoka Colts kwa ada ya dola 100 baada ya kuachwa. Kocha Don Shula alimfahamu tangu alipomfundisha Baltimore. Morrall alianza mechi 11 kati ya 17 za msimu ule, na Miami ilishinda zote. Hakuna ratiba inayoweza kumtengeneza mbadala wa namna hiyo. Alitokana na uamuzi wa kocha aliyejiandaa kwa balaa kabla halijafika.

Kisha ikaja mitoano, ambako hoja ya ratiba haina pa kusimama. Wapinzani watatu wa Miami katika hatua hiyo walikuwa Cleveland Browns wenye ushindi 10 kwa vipigo 4, Pittsburgh Steelers wenye 11 kwa 3, na Washington wenye 11 kwa 3. Miami iliwafunga 20-14, 21-17 na 14-7.

Mechi ya Pittsburgh inastahili kutazamwa kwa karibu. Wakati huo uwanja wa nusu fainali ulipangwa kwa zamu bila kujali matokeo, kwa hiyo timu isiyofungwa ililazimika kusafiri Desemba 31 kwenda kucheza nyumbani kwa Steelers, timu iliyokuja kutwaa ubingwa mara nne katika misimu ya muongo ule. Steelers walitangulia 7-0. Katika robo ya pili Miami ilikwama, na Larry Seiple akajipanga kuupiga mpira mbali, kama ifanyavyo timu iliyoshindwa kusonga mbele. Aliwaona Steelers wamempa mgongo, wakikimbia kurudi kumlinda mwenzao atakayeudaka. Seiple hakuupiga. Aliukumbatia, akakimbia yadi 37 nyuma yao. Muda mfupi baadaye Morrall alimpasia Csonka, ikawa 7-7. Kipindi cha pili, Steelers wakiwa wameongoza tena 10-7, Shula alimrudisha Griese, ambaye hakuwa ameanza mechi tangu Oktoba. Pasi yake kwa Paul Warfield ilipata yadi 52, na Jim Kiick akamalizia. Hapo ratiba haikuwa na mkono wowote.

Fainali ilichezwa Los Angeles Januari 14, 1973. Larry Brown wa Washington, aliyechaguliwa mchezaji bora wa ligi msimu ule, alizuiwa asipite yadi 72 katika mbio zake 22. Jake Scott wa Miami alinasa pasi mbili, moja ndani ya eneo la kufungia, akatangazwa mchezaji bora wa mechi. Pointi pekee za Washington zilipatikana zikiwa zimebaki dakika mbili hivi, pale mkwaju wa Garo Yepremian wa Miami ulipozuiwa, akaudaka mpira, akajaribu kuutupa, ukamponyoka mkononi. Mike Bass wa Washington aliuchukua na kukimbia yadi 49 hadi kufunga. Ngome ya Miami yenyewe haikufungwa hata mara moja.

Miaka iliyofuata imetoa jibu lililobaki. Timu nne tu za NFL zimewahi kumaliza msimu wa kawaida bila kufungwa wala kutoka sare: Chicago Bears ya 1934, Chicago Bears ya 1942, Miami ya 1972 na New England Patriots ya 2007. Tatu kati yake zilifungwa kwenye fainali. Patriots, waliofika wakiwa na ushindi 18, walifungwa na Giants 17-14. Kila mwaka ligi hutoa ratiba ngumu kwa baadhi ya timu na nyepesi kwa nyingine. Kama wepesi wa ratiba ungetosha, kwa zaidi ya nusu karne angepatikana mwingine wa kufikia alichofikia Shula na vijana wake. Hajapatikana. Nao hawakuwa timu ya msimu mmoja: 1971 walifika fainali wakafungwa na Dallas 24-3, na 1973 walitwaa ubingwa tena kwa kuwafunga Vikings 24-7.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kwamba ratiba ya 1972 ilikuwa na timu nyingi dhaifu ni kweli, na Miami haikuipanga. Kilichokuwa mikononi mwa Miami ni kumshinda kila aliyeletwa mbele yake, awe dhaifu au mwenye nguvu, nyumbani au ugenini, akiwepo Griese au asiwepo, na hicho ilikitimiza mara 17 kati ya 17. Watangazaji na wachambuzi wanaorudia hoja ya ratiba waiache, kwa sababu mechi zenyewe zimekwisha kuikataa.