Methanoli Si Kinywaji

Methanoli ina faida nyingi. Viwandani huyeyushia rangi na vanishi, tena hutengenezewa gundi ya mbao. Lakini yaua. Haina rangi, na harufu yake yafanana na ya pombe, hata mnywaji hawezi kuzitenga. Ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, nayo huharibu mshipa wa fahamu wa jicho. Mwaka 2000, mjini Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Mwaka 2014 msiba kama huo ukarudi Kenya.

Wako wasemao kwamba yatosha kuwakamata wauzaji. Mimi sikubali, maana mnunuzi asiyejua atanunua kwingine. Heri sisi wanafunzi wa Kifaru tuyapeleke nyumbani tuliyofundishwa. Kila chupa ya kemikali iandikwe jina, wala isiwe chupa ya soda. Na aliyekunywa pombe ya magendo, akisema aona ukungu, hata ikiwa ni kesho yake, asiachwe alale: apelekwe hospitali saa ile ile. Dawa ipo, ila ikichelewa huenda isifae.