Mgeni Aliyetupwa na Upepo



Mwezi wa Septemba mwaka 2016, katika ufuo wa St Leonards, kusini mwa Uingereza, alionekana ndege wa baharini amelala, hana nguvu ya kuruka. Miguu yake ilikuwa myekundu. Makao yake ni bahari za joto. Jamii yake hutaga hata katika Bahari ya Hindi, kisiwani Aldabra, Ushelisheli. Kabla ya siku ile hapakuwa na kumbukumbu ya ndege wa aina hiyo kuonekana Uingereza.

Waliomwokota hawakumrudisha majini kwa hoja kwamba ndege wa bahari haki yake ni bahari. Bahari ile haikuwa yake. Alipelekwa katika kituo cha RSPCA, akalishwa na kutunzwa, na mwezi wa Desemba akasafirishwa hadi Visiwa vya Cayman, ambako wenziwe huzaliana kwa maelfu. Alipewa nguvu kwanza, safari ikafuata.

Tumelikumbuka jambo hili kwa sababu ya barua iliyotufikia kutoka Gakindu, Mukurwe-ini, kaunti ya Nyeri. Mwandishi ni mama wa hapa pwani aliyemfuata mumewe kazini. Asema majirani ni watu wema, lakini mazungumzo ya sokoni ni ya Kikuyu, baridi ya Julai imewaelemea wanawe, na Ramadhani iliyopita alifuturu na watoto peke yao, baba akiwa zamu. Auliza: je, awarudishe watoto kwa bibi yao?

Dada yetu, kuchoka kwako si upungufu wa imani. Ndege ni yule yule hodari; yaliyobadilika ni maji. Basi usikate shauri ungali umechoka. Jifunze salamu za wenyeji wako, umpelekee jirani sahani ya mahamri, na siku ya nafasi mfike Nyeri mjini, kwenye msikiti na Waislamu wenzenu. Kisha kaa na mumeo mshauriane. Nawe baba, jueni kwamba mshahara haushiki nafasi ya mtu wa kuzungumza naye. Mkiona baada ya hayo kwamba watoto warudi, warudi kwa shauri la wawili, si kwa machozi ya mmoja.

Nasi tuliobaki pwani tusijione tumesalimika na swali hili. Katika mitaa yetu wamo kina mama waliotoka bara, wanaoitwa wageni hata baada ya miaka kumi. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huutumia usemi huu kumfukuza mtu, ilhali anayepewa jembe ameingizwa shambani, amekuwa mwenzetu. Na sheria yetu imemweka msafiri aliyekwama miongoni mwa mafungu manane ya Zaka.

Kabla ya Ijumaa ijayo, kila nyumba ibishe hodi mlango mmoja ambao haijawahi kuubisha.

Wabillahi tawfiq.