Ugumu wa Somo Haupimwi kwa Ngeli

Programu nyingi za kufundisha wageni Kiswahili hupanga masomo kwa ngeli: A-WA kwanza, halafu U-I, LI-YA, KI-VI. Naelewa kwa nini. Sisi waandishi wa programu tunapenda majedwali, na ngeli huingia kwenye jedwali bila matata. Lakini nani amewahi kukata tikiti ya basi kwa kutaja ngeli?

Huko kusini mwa India, N. S. Prabhu alijaribu njia nyingine. Katika mradi wa Bangalore, 1979 hadi 1984, wanafunzi walijifunza Kiingereza kwa kufanya kazi kama kusoma ratiba za treni na ramani. Mwalimu alifanya kazi moja na darasa zima, kisha kila mmoja akafanya nyingine inayofanana nayo. Kipimo? Kazi inafaa ikiwa karibu nusu ya darasa wamefaulu karibu nusu yake. Ugumu ulionekana kwenye matokeo, si kwenye sarufi.

Baadaye Peter Robinson alitenganisha aina mbili za ugumu: ule unaotawanya akili, mfano kukosa muda wa kujiandaa, na ule unaoisukuma itafute lugha zaidi, mfano kutoa sababu.

Sasa chukua ratiba ya mabasi ya Nairobi kwenda Nakuru. Kwanza, mgeni ajiandae, kisha aulize basi linaondoka saa ngapi. (Saa mbili asubuhi yetu ni 8:00 yake, kwa hivyo kazi ipo!) Pili, aulize tena bila kujiandaa. Tatu, achague kati ya mabasi mawili na aeleze kwa nini. Kila hatua inaongeza ugumu mmoja tu. Ni kama kusaka hitilafu kwenye programu: ukibadilisha vitu viwili pamoja, hutajua kipi kimeharibu.

Utasema ataboronga sarufi. Ni kweli, na Peter Skehan anaonya kwamba umakini wa binadamu una kikomo. Kazi ikiwa nzito, kitu fulani hulegea. Basi afundishwe LI-YA pale pale anapokwama kati ya "linaondoka" na "yanaondoka". Hapo ana haja nayo.

Tarakilishi tayari inahesabu nani amekosa wapi. Tuitumie hesabu hiyo kupanga kazi inayofuata. La sivyo, watu wataendelea kutoroka Kiswahili wakidhani ni kigumu, kumbe kigumu ni mpangilio wetu.

Wewe waonaje?