Gesi ya Jiko Si Mazoezi

Wasee, hii maneno lazima tuiongelee. Kila baridi ikizidi tunasikia habari ileile: watu wameingiza jiko la makaa ndani ya nyumba, wakafunga madirisha, asubuhi majirani wanavunja mlango. Kinachoua hapo ni kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Sasa fikiria kuna mtu anaivuta makusudi, ati apate pumzi ya kushinda mbio.

Si porojo. Mwaka wa 2024, wakati wa Tour de France, iliripotiwa kwamba timu kadhaa kubwa za baiskeli zilikuwa na mashine za kuvuta gesi hiyo. Zikasema ni ya kupima damu tu, kujua mazoezi ya milimani yamesaidia kiasi gani. Kweli kipimo hicho kipo, na hufanywa kwa kiasi kidogo, mtaalamu akiwa hapo. Shida ni ukiivuta tena na tena. Mwili unadhani uko juu mlimani, unaanza kutengeneza chembechembe nyekundu za damu zaidi, zile zinazobeba oksijeni. Ndio maana Februari 2025, shirikisho la baiskeli duniani, UCI, lilipiga marufuku kuivuta mara kwa mara. WADA nayo ikaiweka kwenye orodha yake ya marufuku kuanzia Januari 2026, isipokuwa kwa vipimo.

Najua kuna mtu atauliza: kwani Iten si iko karibu mita 2,400 juu? Si watu wanatoka Ulaya kuja kufanya mazoezi kwa hewa nyepesi? Na yale mahema ya kuiga hewa ya mlimani, si yanaruhusiwa?

Swali poa. Jibu ni hili. Ukiwa mlimani, kila pumzi inaleta oksijeni kidogo, lakini hakuna sumu. Ukizidiwa unashuka. Hii gesi nayo inashika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Imekalia kiti cha oksijeni kama abiria aliyekataa kushuka matatu. Hata ukitoka nje, inabaki kwenye damu kwa masaa. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu, unatapika, halafu unazima. Na ubongo ambao ungekuambia "toka hapa" ndio huohuo unaokosa oksijeni.

Kuna wale husema mwili ni wangu, niachie. Kwa nyumba yako labda. Kwa mbio, hapana. Wewe ukivuta ukashinda, yule wa pili anabaki na mambo mawili: akubali kushindwa, ama avute pia. Umemlazimisha achague kati ya sumu na kazi yake. Hapo ndipo mimi naona ubaya wenyewe, hata kabla ya kusoma sheria inasema nini.

Na tusijidanganye kwamba hii ni story ya Ulaya pekee. Orodha ya wakimbiaji Wakenya waliofungiwa kwa sababu ya dawa ni ndefu, na sote tunajua presha ilivyo. Kijana ameacha shule, anakaa kambini miaka mitatu, hajapata hata mbio moja ya nje, na nyumbani wanangoja pesa. Timu ya Ulaya ina daktari na mashine ya kupima kila tone. Huyu kijana ana nini? Akisikia kuna gesi inaongeza damu, na anajua inatoka kwa makaa, unadhani ataitafuta wapi?

Kwa hivyo kama unakimbia, hata kama ni kilomita 10 za Jumapili, na kocha ama rafiki akuletee hii idea, kataa na utoke. Kisha ambia ADAK, na ambia wenzako kambini kabla yeye hajawafikia.

Wewe unaonaje, mwenye kumletea kijana kitu kama hiki afungiwe miaka mingapi?