Mnyonge Mnyongeni, Haki Yake Mpeni: Habari ya Motakaa Ndogo

Katika mabaraza ya kisiwa chetu cha Pemba, tangu Mkoani hata Konde, kuna ubishi usiokoma, nao ni habari ya motakaa ndogo za bei nafuu. Wengine huzicheka na kuziita makopo. Wengine huzisifu kana kwamba hazina ila hata moja. Nimewasikiliza wote kwa muda mrefu, na leo naomba nafasi katika ukurasa huu niseme kwamba pande zote mbili zimekosa. Wenye kucheka wamekosa kwa kiburi, na wenye kusifu wamekosa kwa uvivu wa kufikiri. Na katika makosa hayo mawili, la pili ndilo linaloweza kuua watu.

Kwanza yafaa tujue gari lenyewe ni kitu gani. Lile tulionalo zaidi ni Suzuki Carry, ambalo watu wengi wa nchi yetu huliita Kirikuu. Asili yake ni Japani. Serikali ya huko iliweka daraja la magari madogo mwaka 1949, nayo hutozwa kodi ndogo kuliko mengine, kwa sharti yasipite kipimo. Kipimo cha siku hizi ni hiki: urefu usizidi meta 3.40, upana usizidi meta 1.48, na injini isizidi sentimita za ujazo 660. Na lile la mizigo halina ruhusa ya kupakia zaidi ya kilo 350. Carry ya kwanza ilitoka mwaka 1961. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi. Tena sheria yao hulazimisha kila gari likaguliwe mara kwa mara kwa gharama kubwa, hata wengi huona heri kuliuza mapema. Ndiyo sababu magari yao yaliyokwisha kutumika huja kwetu kwa wingi, yakashushwa Dar es Salaam au Unguja, kisha yakavushwa mpaka Pemba.

Gari hili halina pambo. Kiti chake chembamba, bati lake jepesi, vioo vya milango mara nyingi huzungushwa kwa mkono, na ubaridi ndani yake ni ule wa upepo wa njiani. Walakini lina mambo ambayo mtu wa Pemba ayahitaji. Kisiwa chetu ni vilima na mabonde, na njia nyingi za mashamba ni nyembamba, kwa maana zilianzishwa na miguu ya watu na gari la ng'ombe. Mahali lori linapokwama, Kirikuu hupita chini ya mikarafuu bila kuvunja tawi. Wakati wa karafuu hupeleka magunia kituoni. Karafuu zikiisha hubeba ndizi, muhogo, samaki, mabati ya kuezekea, hata vitanda vya bibi arusi. Petroli kidogo huliendesha mbali. Na likiharibika, fundi wa kijiji hulifungua kwa spana chache akalirudisha njiani siku ile ile, naye hana haja ya kuagiza mtambo wa umeme kutoka mbali ili amwambie ugonjwa wake.

Sasa nawaendea ninyi mnaocheka. Namjua mtu mwenye mshahara kama wangu, ambaye aliona haya kupanda gari dogo, akaenda kukopa ili anunue gari kubwa la fahari. Alilipanda miezi minane. Leo limekaa juu ya mawe nyuma ya nyumba yake, kuku wanataga ndani yake, na kila mwisho wa mwezi mshahara wake hukatwa kwa kulipia kiota cha kuku. Wazee walisema kwamba mtu hujikuna ajipatapo. Yeye alitaka kujikuna mahali mkono wake usipofika, na sasa watoto wake hawana viatu.

Wala msidhani kwamba gari nyonge ni alama ya watu maskini wa Afrika peke yao. Hata mataifa makubwa yalikuwa nalo. Huko Marekani Henry Ford alitoa gari lake liitwalo Model T mwaka 1908. Bei yake ilikuwa dola 850, akaishusha mwaka kwa mwaka hata kufika mwaka 1925 gari la namna ya chini liliuzwa dola 260. Yalipokoma kutengenezwa mwaka 1927, yalikuwa yamezidi milioni 15. Gari hilo lilikuwa na vituko vingi: kwa kuwa petroli ilishuka kwenye injini kwa uzito wake yenyewe, mwenye gari alipokuta kilima kikali na petroli ni chache alilazimika kukipanda kinyumenyume. Hebu fikirini mtu akipanda vilima vyetu kwa mgongo! Lakini wakulima wa Marekani hawakuona haya, maana gari liliwafikisha sokoni.

Na Ufaransa vilevile. Mkuu wa Citroën, Pierre-Jules Boulanger, aliwaagiza mafundi wake watengeneze gari la mkulima, lichukue watu wawili na kilo 50 za viazi, na yasimuliwa kwamba alitaka lipite katika shamba lililolimwa na kikapu cha mayai kisivunjike hata yai moja. Gari hilo, 2CV, lilionyeshwa Paris mwaka 1948, na watu wa magazeti wakalicheka. Likatengenezwa hata mwaka 1990. Waliolicheka wamesahauliwa, gari halikusahauliwa.

Basi enyi wenye kiburi, haki ya mnyonge ni hii: gari linalokufikisha na kukurudisha, ambalo umelilipia lote na halikuibi chakula cha watoto, ni gari la heshima. Likiwa na vumbi, lioshe.

Lakini nimesema kwamba upande wa pili nao wamekosa, na hapa ndipo neno langu lilipo. Ninyi mnaosifu mwasema, "Rahisi, rahisi!" kana kwamba urahisi ni sifa ya kutosha. Wazee walisema pia kwamba rahisi huvunja upishi. Mtu afanyaye kitu kiwe rahisi hana budi kuondoa kitu. Swali si kwamba ameondoa, bali ameondoa nini? Akiondoa pambo, amemsaidia maskini. Akiondoa kinga ya uhai, amemwuzia maskini kaburi kwa mafungu.

Tazameni habari ya India. Ratan Tata alieleza kwamba aliona watu wa nyumba moja, baba na mama na watoto, wamepanda pikipiki moja katika mvua, akawahurumia, akaazimu kuwatengenezea gari la bei ya pikipiki, au karibu yake. Mwaka 1908 Waamerika walipata lao. Mwaka 2008 Wahindi walionyeshwa lao, jina lake Nano, kwa bei ya rupia laki moja. Wazo lilikuwa jema. Waliondoa redio, wakaondoa ubaridi, wakaweka kifuta mvua kimoja badala ya viwili. Mpaka hapo sina ugomvi nao. Lakini mwanzo wa mwaka 2014 shirika la Global NCAP liliigonga Nano kwenye kizuizi kwa mwendo wa kilomita 64 kwa saa, na gari halikupata nyota hata moja ya kumlinda mtu mzima aliye ndani. Gari hilo liliuawa na mambo mengi, na kutengenezwa kwake kulikoma mwaka 2018. Tata mwenyewe alikiri kwamba kulitangaza kuwa gari la bei ya chini kupita yote kulikuwa kosa, maana watu waliona haya kulipanda. Kwa hiyo kiburi kililipiga upande mmoja, na udhaifu upande wa pili. Na hayo ndiyo makosa mawili ninayoyasema.

Sasa turudi kwetu. Kirikuu liliandikiwa kilo 350. Hesabu hii hata mtoto wa darasa la tatu aiweza: magunia saba ya kilo hamsini hamsini, mzigo umetimia. Lakini ni nani kati yetu amemwona mwenye gari akisimama kwenye gunia la saba? Na siku ya arusi au ya maziko, watu kumi na wawili husimama nyuma, wazima wenye kilo sitini sitini, yaani kilo 720, zaidi ya mara mbili ya kipimo. Breki zake zilipimwa kwa mzigo ule mdogo, na mipira yake vilevile. Na wale walio nyuma hawana kiti wala mkanda. Wana ukingo wa bati unaowafika magotini.

Msidhani kwamba nawahukumu wengine. Mwaka juzi shule yetu ilialikwa katika mashindano ya mpira. Fedha hazikutosha kukodi gari kubwa, basi mimi mwenyewe nikaenda kwa mwenye Kirikuu nikapatana naye. Tukapakia watoto kumi na wanane. Mimi, kwa kuwa ni mwalimu, nikakaa mbele, nikafunga mkanda. Wakati wa kurudi mvua ilinyesha, na katika mteremko breki hazikushika. Dereva, ambaye hakuwa mtu mwovu wala mlevi, aligeuza usukani akaligonga gema kusudi tusiingie bondeni. Mvulana mmoja alivunjika mkono, msichana mmoja alipoteza meno mawili, na wengine walichubuka. Mungu alituhurumia, hapana aliyekufa. Mimi sikupata hata mkwaruzo.

Jioni baba yake yule mvulana alikuja. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Mwalimu, wewe ulikaa wapi?" Nikamjibu, "Mbele." Akatikisa kichwa, akaenda zake kwa mwanawe. Tangu siku ile nimetafuta jibu jema kuliko lile, sijalipata.

Bassi, nimejifunza nini? Nimejifunza kwamba gari halikuwa na kosa. Gari lilipewa kazi mara mbili ya nguvu zake na mtu aliyejua kuhesabu. Nilikuwa nimeokoa fedha kidogo, na fedha hizo niliziokoa katika mwili wa watoto wa watu.

Najua nitajibiwa. Wa kwanza atasema, "Mwalimu, sisi ni maskini, tusipojaza gari, nauli haitoshi." Namjibu: fanya safari mbili. Safari ya pili ni petroli kidogo, na umekwisha kujisifu kwamba gari lako halili petroli. Wa pili atasema, "Ajali ni amri ya Mungu, siku ikifika imefika." Huyu amejibiwa na jirani yangu, Mwislamu mwenye elimu, aliyenikumbusha kwamba Mtume wao alimwambia mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Mungu. Dini yake na yangu ni mbalimbali, lakini katika neno hili tu wamoja. Wa tatu atasema, "Vitu vya usalama ni vya matajiri." Huyu ndiye aliyepotea kupita wote. Mkanda wa kiti tunaoutumia ulibuniwa na Nils Bohlin, mtu wa Sweden, mwaka 1959 katika kampuni ya Volvo, nayo kampuni ikawaachia watengenezaji wote wautumie. Ni utepe na kifungo. Ndani ya gari lote hakuna kitu rahisi kuliko hicho, na hicho ndicho tunachokikata kwa kisu kwa sababu kinatusumbua, tukafungia mbuzi!

Kwa hiyo nawaomba mambo haya. Wewe mnunuzi, usione haya kununua gari dogo. Lakini kabla ya kuuliza habari za rangi na redio, uliza habari za breki, mipira na mikanda, na fedha uliyookoa katika bei uweke fungu lake kwa vitu hivyo vitatu. Wewe fundi, usimrudishie mtu gari lenye breki mbovu kwa sababu amekuharakisha, mwambie, "Bado." Wewe dereva, jifunze kusema, "Limejaa," hata kwa mjomba wako. Nanyi waalimu wenzangu, mkiwasafirisha watoto na gari, kaeni mahali wanapokaa wao. Nadhani neno hilo moja likishikwa, hatutawapakia tena kumi na wanane, maana kila mmoja wetu ataogopa.

Motakaa ndogo ni mtumishi mwaminifu wa kisiwa hiki. Tusimtukane kwa udogo wake, wala tusimwue kwa mizigo, maana akianguka haanguki peke yake.

Wenu,
Mwalimu, Chake Chake