Kabla hujachangia sare ya bendi ya shule

Mzazi mwenzangu, msimu wa mahafali ukikaribia, vikao vya wazazi huwa na ajenda moja isiyokosa: bendi ya shule.

Mwaka jana, katika kikao cha shule anayosoma mwanangu, mimi ndiye niliyesimama nikasema bendi yetu inatuaibisha. Nilikuwa nimeiona ya shule jirani, ina matarumbeta yanayong'aa na sare nyekundu zenye vifungo vya rangi ya dhahabu. Wazazi wakapiga makofi. Tukapitisha kwamba kila mzazi mwenye mtoto kwenye bendi amshonee sare.

Wiki mbili baadaye nikamkuta binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa darasa la sita, ameketi barazani anapigapiga ndoo kwa vijiti. Shuleni hakuna aliyempita kwenye ngoma ndogo. Nikamuuliza mbona hayuko mazoezini.

"Mama amesema tusubiri mwakani. Sare hatuna."

Nilikosa la kumjibu, maana sare ile niliidai mimi.

Kosa letu lilikuwa kuanza na mavazi kabla ya kujiuliza bendi ni ya kazi gani. Majibu yako ya namna tatu, na kila moja lina gharama yake.

Kama bendi ni ya mstarini asubuhi, mchakamchaka na sherehe za shule, ngoma kubwa moja, ngoma ndogo chache na filimbi zinatosha. Mwendo wa kawaida wa gwaride ni kama hatua 120 kwa dakika. Mtoto akiweza kuushika bila kuukimbiza, amejifunza kusikiliza wenzake. Bendi ya aina hii hupokea watoto wengi na haiwalemei wazazi.

Kama lengo ni watoto wajue muziki, basi leteni matarumbeta, lakini atafutwe kwanza mwalimu anayeyajua. Tarumbeta haitoi sauti nzuri kwa mwezi mmoja. Inahitaji pia meno ya mbele yaliyokwisha kuota vizuri, ndiyo maana watoto wengi huanza wakiwa na miaka 9 au 10. Na sehemu ya kupulizia isipite mdomo kwa mdomo bila kuoshwa.

Kama lengo ni mashindano, jueni kwamba mazoezi yatakula muda wa masomo na wa kupumzika, na kwamba mwalimu atachagua wachache na kuwaacha wengine. Si vibaya, ila wazazi wakubaliane hivyo mapema. Sisi watu wa pwani tunaujua ushindani huu. Mwanzoni mwa karne ya 20, vyama vya beni kama Marini na Arinoti viliiga bendi za jeshi na kushindana kwa ngoma, magwaride na mavazi. Raha ilikuwepo, lakini fedha nyingi zilikwenda katika kumshinda mwenzako.

Niliomba kikao kingine. Haikuwa rahisi kusimama mbele ya watu walewale na kusema nilikosea. Mzazi mmoja akauliza kwa nini niliwasumbua mara ya kwanza, na alikuwa na haki. Mwishowe tukakubaliana: bendi yetu ni ya ngoma na filimbi, kwa ajili ya mstarini na mahafali. Watavaa sare ya shule ya kila siku na skafu moja shingoni, itakayonunuliwa kwa mfuko wa wote.

Binti yule alirudi. Siku ya mahafali bendi yetu haikung'aa kama ya jirani, lakini haikupoteza hatua. Mama yake aliwahi kufunga genge akaja kumwona.

Kwa hiyo, ukiletewa karatasi ya mchango wa bendi, uliza kwanza. Bendi hii ni ya kazi gani? Nani anaifundisha, na kwa saa ngapi kwa wiki? Mtoto aliyepangiwa ngoma kubwa anaweza kuibeba bila kuumia mgongo? Mazoezi yako uwanjani, au kwenye chumba kinachowaumiza masikio? Na mtoto ambaye mzazi wake hana fedha atabaki ndani au nje?

Hilo la mwisho liulize kwa sauti. Mwenye kuhitaji jibu lake huenda anaona haya kuliuliza.