Chumvi ya Uvinza ilitangulia pembe za Ujiji

Kuianza historia ya Ujiji na misafara ya pembe za ndovu na watumwa ya karne ya 19 ni kuishika katikati. Mashariki ya mji huo, pale mto Ruchugi unapoingia mto Malagarasi, zipo chemchemi za maji chumvi za Uvinza. Uchimbuaji wa watafiti Sutton na Roberts mwaka 1967 ulikuta mashimo yaliyosiribwa udongo na mafiga ya mawe: maji yalichemshwa vyunguni mpaka ikabaki chumvi tupu, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Atakayesema chumvi ni kitu kidogo mno kujenga soko, akumbuke kwamba huku bahari iko mbali na maji ya Ziwa Tanganyika hayana chumvi. Chumvi ya Uvinza ilivuka hadi ng'ambo ya ziwa, na machifu wa Wavinza waliitoza ushuru. Kweli, wafanyabiashara wa pwani waliletwa na pembe, na wapelelezi Burton na Speke wakawafuata mwaka 1858. Lakini njia yenyewe ilipita Uvinza. Hata reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 ilipita hapo hapo. Ujiji ina kumbukumbu ya mpelelezi Livingstone, nami sina ugomvi nayo. Kando yake naomba kiwekwe chungu kimoja cha chumvi.